Treni ya Maboksi na Bomba Lake la Moshi

“Nileteeni takataka zenu za jikoni, nami nitawaundia watoto wenu treni! Si treni ya kuchora ukutani. Treni ya kuingia ndani, kila mtoto na behewa lake, itoke mlango wa darasa ifike getini, na shule isitoe hata senti. Nikishindwa, niiteni Kopo mpaka nizeeke.”

Hayo aliyasema mwalimu wa chekechea kwenye mkutano wa wazazi, akiwa amesimama juu ya kiti cha watoto ambacho aliyekitengeneza hakumfikiria mtu mwenye ndevu. Wazazi wakapiga makofi. Wengine walipiga kwa furaha, wengine kwa sababu hotuba ya mwisho ilikuwa imekwisha na walitaka kwenda zao. Ila hakuna aliyengoja kuona kama atashindwa. Jioni ileile alikuwa tayari Mwalimu Kopo, na hata muuza maji wa mtaani alishapata habari.

Mwalimu Kopo hakuwa mtu wa kutulia. Wenzake wakikaa, wamekaa. Yeye akikaa alikuwa anajiandaa kusimama. Goti lilicheza chini ya meza, vidole vilitafuta kitu cha kukunja, na ukimwazima kalamu ulirudishiwa vipande, springi yake ikiwa imenyooshwa. Marehemu mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa akiwa amechelewa mahali. Chekechea ilimfaa kwa sababu ndiko mahali pekee duniani ambako mtu asiyetulia anaonekana mchapakazi.

Darasa lake lilikuwa chumba kirefu mwishoni mwa korido, lenye madirisha mawili, mlango unaokwaruza sakafu, na ukuta mmoja uliogeuka ghala. Maboksi ya biskuti yalipangwa kwa ukubwa. Trei za mayai zilifika dirishani. Chupa za mafuta ya kupikia zilikuwa zimeoshwa lakini bado zinateleza mkononi, na vikombe vya mtindi vilisimama kimoja ndani ya kingine kama mnara uliolewa. Alikuwa na taratibu zake na hakuruhusu mtu azichezee. Kila kinachoingia kioshwe kwa maji ya moto, kianikwe kwenye waya nyuma ya vyoo, kisha kinuswe, na mnusaji alikuwa yeye mwenyewe. Boksi likipita pua yake, limepita. Makali ya kopo aliyafunga kwa utepe, halafu akayapitishia kidole gumba chake kwanza kabla mtoto hajaligusa, ndiyo maana gumba lile halikukosa plasta. Gundi alipika mwenyewe, unga wa ngano na maji, katika sufuria aliyoazima kwa dada yake na ambayo dada yake alishachoka kuiulizia.

Alikuwa anaishi chumba cha uani kwa dada huyohuyo. Kula naye kulikuwa mtihani.

“Biskuti zimebaki nyingi humo?” aliuliza usiku mmoja, macho yamemganda kwenye boksi.

“Unataka?” dada yake alimsogezea.

“Hapana, nauliza tu. Naona leo unakula polepole.”

Shemeji yake, fundi bomba, mtu wa maneno machache, hakuinua hata uso. “Mke wangu, mmalizie ndugu yako hilo boksi. Ana treni ya kuwahi.”

“Huyu siku moja atatunyang'anya sahani tukiwa tunatafuna,” dada akasema, akamrushia boksi likiwa na biskuti mbili. Alizimeza zote mbili kwa pamoja ili boksi liwe huru.

Darasani treni ilikuwa inakua. Mabehewa yalikuwa katoni za juisi na za tambi, zilizokatwa sakafu, zikafungwa kamba za kuvaa mabegani, kila mtoto anatembea ndani ya lake. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya ndoo za siagi. Na kila mtoto alitaka kitu kimoja tu: kuwa dereva. Hapo Mwalimu Kopo akatunga sheria. Atakayeleta kifaa kinachohitajika siku hiyo ndiye atakayevaa kofia ya dereva, kofia iliyoundwa kwa boksi la majani ya chai, yenye ukingo mbele na herufi mbili za dhahabu ambazo zilikuwa karatasi ya chokoleti.

Mama mmoja alikuja asubuhi na mapema, mkoba kwapani, hasira usoni. Mwanawe alikuwa amemwaga chupa nzima ya mafuta kwenye sinki ili apate chupa.

“Mwalimu, mimi nalea mtoto au nalea kiwanda?” aliuliza.

Mwalimu Kopo aliomba radhi mpaka mama akacheka. Siku hiyohiyo akaongeza sheria ya pili. Aliwaita watoto, akachukua vikombe viwili na maji, akaigiza. “Tukiona kopo lina chakula ndani, tunamwaga?”

“Hapanaaa!”

“Tunafanyaje?” Akamimina maji taratibu kutoka kikombe kimoja hadi kingine. “Tunahamisha. Hatumwagi…?”

“Tunahamishaaa!”

Walilipenda neno hilo. Waliliimba wakienda kunawa, wakaliimba wakivua viatu. Yeye akaliandika ukutani kwa visoda, vizibo vya chupa za soda, akarudi nyuma hatua kadhaa kulitazama, akaridhika na nafsi yake kupita kiasi. Hakuwaambia ni nani anayehamisha, wala anahamishia wapi. Mbele yake alikuwa na vikombe viwili visafi. Akadhani kila mtu duniani ana kikombe cha pili.

Basi treni ikakamilika isipokuwa bomba la moshi. Kwa mtu mwingine hicho ni kitu kidogo. Kwake ilikuwa ni mwiba. Alijaribu vikombe vya mtindi vikaanguka. Alijaribu pakiti ya juisi, ikawa mraba, na treni ikaonekana kama nyumba iliyoota magurudumu. Siku ya wazazi ilikuwa inagonga mlango. Alilala akigeukageuka, akaota mabomba. Mwishowe akasimama mbele ya darasa.

“Tunataka kopo la bati. La duara, refu, lenye mfuniko. Nani atakuwa dereva wa bomba la moshi?”

Mikono yote ikapanda juu, hata ya mtoto aliyekuwa amelala.

Miongoni mwa mikono hiyo ulikuwamo mkono wa mpwa wake, mtoto wa dada, wa miaka sita. Nyumbani walimwita Bosi kwa sababu tangu aanze kusema hakuwahi kuomba kitu, aliagiza. Kesho yake Bosi aliingia darasani amekumbatia begi kifuani kama mtu aliyebeba yai. Akalifungua. Ndani mlikuwa na kopo la bati, la duara, refu, lenye mfuniko.

Mwalimu Kopo alilijua kopo lile. Kila asubuhi alilipita jikoni kwa dada yake, rafu ya juu, juu ya jiko, picha ya mtoto mwenye mashavu ikimtazama. Lilikuwa la Mgeni. Mgeni ndiye mdogo wake Bosi, binti wa miezi minne aliyefika kabla ya siku yake, hakuna hata mmoja aliyekuwa amejiandaa, na jina likatokea hapo. Dada alifanyiwa upasuaji, maziwa yake yakakauka, na tumbo la Mgeni likakataa kila kitu kilicholetwa isipokuwa maziwa ya kopo lile. Nyumba nzima ilijua hivyo. Kopo lile hata fundi bomba alilishika kwa mikono miwili.

Sasa lilikuwa jepesi. Ukingoni lilikuwa na unga mweupe, mbichi, na ndani kijiko chake kidogo cha kupimia kiligongagonga. Mtu mwingine yeyote angeketi chini akauliza maswali. Mwalimu Kopo alikuwa ameshalilinganisha na kichwa cha treni kwa jicho moja.

“Mama amelimaliza?” aliuliza, huku mkono unatafuta msumari.

“Nimehamisha,” alisema Bosi.

“Safi sana!” Na kofia ya dereva ikatua kichwani kwa Bosi, ikamfunika mpaka nyusi.

Alijiambia dada lazima amefungua jipya. Hakujiambia kwa muda mrefu. Alikuwa anatoboa kitako cha kopo, anapitisha kamba, anapaka rangi nyeusi. Kijiko hakukitupa, yeye hakutupa kitu. Alikibandika kwa gundi ya unga mbele ya kichwa cha treni, shimo likitazama nje, kikawa taa. Kilipendeza. Ikabidi arudi nyuma tena kutazama.

Jua lilipopanda wakaitoa treni uwanjani kwa majaribio. Bosi mbele, wenzake nyuma katika mabehewa yao, miguu midogo chini inakanyagana, midomo inapiga honi kila mtu na yake. Ilipinda kwenye bomba la maji, ikapita mlingoti, na bomba la moshi likasimama wima bila kuyumba. Mwalimu Kopo alikimbia mbele, akakimbia nyuma, akapiga picha ya vidole vyake mwenyewe. Simu ikaita.

“Dada, niko kazini,” alisema akihema.

“Kopo la Mgeni umeliona?”

Alilitazama. Lilikuwa linakuja upande wake, jeusi, linang'aa.

“Kopo gani?”

“Mdogo wangu, leo usiniletee utani. Maji yako tayari, mtoto analia, kopo halipo. Nimetafuta mpaka chini ya kitanda.”

“Kwani… hukuhamishia maziwa kwenye chombo kingine?”

“Nihamishe ili iweje? Nimelifungua jana!”

“Usikate, dada.” Akasimama mbele ya treni, akainua mkono. Treni haikusimama, dereva wake alikuwa mtu wa kuheshimu ratiba. Ikabidi akimbie pembeni yake kama muuza karanga.

“Bosi. Maziwa ya Mgeni umehamishia wapi?”

“Abiria haongei na dereva.”

“Bosi!”

“Kwenye buti la baba,” alisema Bosi bila kupunguza mwendo. “Sikumwaga hata kidogo, mjomba. Lilipojaa nikaweka kwenye la pili.”

“Dada,” Mwalimu Kopo alisema kwenye simu, polepole kama mtu anayeteremka ngazi gizani, “shemeji yuko wapi?”

“Yuko hapo mlangoni, kuna bomba limepasuka mtaa wa pili, anavaa mabu…”

Kilichofuata hakikuhitaji simu. Fundi bomba ni mtu aliyewahi kuangukiwa na koleo mguuni akasema “aisee” na kuendelea na kazi. Siku hiyo alipaza sauti mpaka watoto wa behewa la tatu wakauliza nani kaumwa. Halafu sauti ya dada, tulivu, na utulivu huo ndio uliomtisha.

“Yako kwenye mabuti.”

“Najua, dada.”

“Umejua lini?”

Nyuma ya dada yake Mgeni alikuwa analia kile kilio chake chembamba, cha mtoto ambaye bado hana kifua cha kuliia.

“Naleta mengine,” akasema. “Naleta sasa hivi.”

“Yaleyale, namba moja. Unanisikia? Mara ya mwisho tulipobadilisha tulilala hospitali, amechomekwa mpira wa dripu mkononi. Yaleyale.”

Mwalimu Mkuu, mama mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alimkuta anaelekea getini.

“Mwalimu, unakwenda wapi?”

“Maziwa.”

“Chai bado.”

“Ya mtoto mchanga, Mwalimu Mkuu. Bomba la moshi… lile… lilikuwa chakula chake.”

Mwalimu Mkuu akalitazama bomba la moshi, akamtazama dereva, akamtazama yeye. Alikuwa amelea wanne wa kwake. “Toka,” alisema. “Treni naiangalia mimi.” Akasogea uwanjani, na sauti ya Bosi ikasikika ikimwambia kwamba nafasi zimejaa, labda apande kama mzigo.

Duka la kona lilikuwa na makopo yaleyale, tena yamepangwa dirishani kama piramidi. Mwalimu Kopo aliyaona toka mbali na miguu ikawa myepesi.

“Nishushie moja, kaka. Namba moja. Haraka.”

Muuza duka akalitoa la juu, akalirusha hewani, akalidaka kwa mkono mmoja. “Hili? Tupu hili. La maonyesho.”

“Lile la chini yake?”

“Tupu.”

“Piramidi yote?”

“Yote tupu, ndugu yangu. Yenye maziwa yaliisha, naambiwa gari litakuja, halijaja. Lakini wewe si ndiye Mwalimu Kopo? Beba tu yote, bure. Nilikuwa nakuwekea.”

Jana yake tu angembusu yule mtu. Alisimama mbele ya makopo yale, mazuri, marefu, ya duara, na kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano wa wazazi aliliona kopo tupu kuwa ni tupu.

“Mbona unanitazama kama nimekutukania mama?” aliuliza muuza duka. Lakini Mwalimu Kopo alishatoka, karibu aangushe mizani.

Supamaketi ilikuwa ng'ambo ya soko. Mlangoni mlinzi alimnyooshea fimbo kifuani, macho yakiwa kwenye mikono yake iliyojaa rangi nyeusi.

“Umeshika nini?”

“Bomba la moshi.”

“Umeling'oa wapi?”

“Kaka, nina mtoto mchanga anayelia njaa.”

“Ungesema hilo kwanza,” mlinzi akasema, akampisha, ila akamfuata kwa nyuma mpaka kwenye rafu, maana kazi ni kazi. Rafu ilikuwa na maziwa. Kampuni ileile, kopo lilelile, mashavu yaleyale. Namba mbili. Akasogeza la mbele kutazama la nyuma, akasogeza la nyuma kutazama ukuta. Namba mbili mpaka mwisho. Akapiga simu.

“Dada, huku kuna namba mbili.”

“Hayo ni ya waliozidi miezi sita.”

“Je, tukiyazidishia maji?”

“Mdogo wangu, hii si gundi.”

Nyuma ya dada palisikika sauti ya mwanamke mwingine, imara, yenye uzoefu: “Mpe ya ng'ombe, mwenzangu! Wangu wote wamekulia hayohayo, na tazama walivyojaza nyumba!”

“Umemsikia?” dada alinong'ona. “Jirani amenisimamia hapa na kikombe. Sijui nitamkatalia mpaka lini. Mgeni ameanza kunyonya shuka.”

Mwalimu Kopo alitoka akikimbia, na mlinzi akakimbia naye hatua kadhaa kwa mazoea kabla hajakumbuka kwamba hakuna kilichoibwa. Alipita kwa muuza mitumba, akapita karakana ya magodoro, akaruka mtaro na kiatu kimoja kikaonja maji. Kila mahali aliona maboksi. Mtaa mzima ulikuwa umejaa maboksi matupu, yamerundikwa nyuma ya maduka, yamekanyagwa, yanapeperuka, na hakuna hata moja lililokuwa na tone la kumpa mtoto.

Duka la dawa lilikuwa barabara kuu. Kulikuwa na foleni, na mbele yake mzee mmoja alikuwa anamsimulia muuza dawa historia ya kikohozi chake tangu utotoni. Mwalimu Kopo alihamisha uzito mguu huu, akauhamishia mguu ule, akasoma bango la mswaki, akalisoma tena. Kikohozi kilikuwa kimefika ujana. Simu ikatetemeka mfukoni. Hakuitazama, aliogopa itakachosema.

“Mzee wangu, nisamehe, nina mtoto…” akaanza.

“Na mimi nilikuwa mtoto ilipoanza,” mzee akajibu, lakini akasogea.

Muuza dawa alikuwa mwanamke wa miwani, mtulivu kiasi cha kuudhi. “Namba moja ya kopo hatuna,” akasema, na moyo wa Mwalimu Kopo ukashuka mpaka kwenye kile kiatu kilicholowa. “Kuna ya pakiti.”

“Ya pakiti ni nini?”

“Ya kujazia. Mtu kopo lake likiisha, anajazia. Maziwa yaleyale, namba moja ileile.” Akaigeuza pakiti ili asome. “Wewe unataka maziwa au unataka kopo?”

“Maziwa!” alisema, kwa sauti iliyomfanya mzee wa kikohozi aombe radhi bila kujua kosa lake.

“Kijiko chake mnacho? Pakiti haina kijiko. Na hapa hakuna kukisia, vipimo vikizidi tumbo linaumia, vikipungua hashibi. Kijiko cha chai sitaki kukisikia.”

Mwalimu Kopo alifumba macho. “Kipo. Ni taa.”

“Ni nini?”

“Ni taa ya treni.”

Muuza dawa alishusha miwani, akamtazama mikono, akamtazama kiatu. “Na wewe mwenyewe, kaka, kuna dawa unatumia?”

Alilipa bila kusikiliza bei, akaingiza risiti na chenji mfuko wa shati, akakamata pakiti kama mtu anayeogopa itamponyoka. Nyumbani kulikuwa karibu, upande wa kushoto. Shule ilikuwa upande wa kulia. Alisimama njia panda kwa muda wa kupumua mara moja, Mgeni ananyonya shuka upande huu, kijiko kimeganda kwa unga wa ngano upande ule. Akakunja kulia.

Treni ilikuwa bado iko uwanjani. Mwalimu Mkuu alikuwa ndani ya behewa la mwisho, katoni ya tambi imemkaa kiunoni kama mkanda wa bondia, na funguo zake zilikuwa ndiyo kengele. Watoto walimwona mwalimu wao wakashangilia. Akaenda moja kwa moja mbele ya kichwa cha treni, akashika ile taa, akavuta. Haikutoka. Gundi yake ilikuwa nzuri, yeye mwenyewe alikuwa akijisifia hivyo kwa wenzake kila siku. Akavuta kwa nguvu. Kijiko kikatoka pamoja na uso mzima wa treni, boksi likachanika kuanzia juu hadi chini, kamba ikaachia, na bomba la moshi likaanguka, likabingirika uwanjani likipiga kelele za bati mpaka getini.

Hakuna aliyepiga honi.

“Mwalimu,” alisema msichana wa behewa la pili, “umeua treni.”

“Tutaitengeneza.”

“Kesho si wazazi wanakuja?”

Mwalimu Kopo alikuwa tayari kwenye bomba la maji, anasugua kijiko kwa kucha, anang'oa gundi iliyokauka, anakiinua juani kukitazama, anasugua tena. Bosi alikuja kusimama pembeni yake, kofia imemwangukia puani.

“Mjomba, Mgeni amekasirika?”

“Mgeni ana njaa. Vua kofia, twende.”

“Si anywe yale ya kwenye buti?” Bosi alifikiri kidogo. “Nililipangusa kwanza.”

Mwalimu Kopo alimbeba mgongoni, kwa sababu miguu mifupi ingewachelewesha na kwa sababu hakutaka mtoto amwone uso. Njia nzima Bosi alimuuliza sikioni kama pakiti ina bati, kama ni ya duara, na kama buti si chombo basi mbona lina shimo.

Nyumbani jirani alikuwa kweli mlangoni na kikombe chake, amekasirika kwa niaba ya ng'ombe wote. Fundi bomba alikuwa uani amekaa juu ya ndoo, anamiminia maji ndani ya mabuti, na uji mweupe unatoka. Alimtazama shemeji yake akipita mbio.

“Mguu wa kushoto naona umeanza kunenepa,” alisema.

Dada alipokea pakiti kwa mkono mmoja, Mgeni yuko kwenye mkono wa pili, akasoma maandishi yote mbele na nyuma. Alipokea kijiko, akakinusa. Halafu akakichemsha, akachemsha na maji mengine, akayaweka yapoe. Hapo ndipo palipomuua Mwalimu Kopo. Alikuwa amekimbia mji mzima na sasa kazi yote iliyobaki ilikuwa kungoja maji yapoe. Alitaka kupepea sufuria. Alitaka kuifunika, alitaka kuifunua. Mgeni alikuwa ameacha kulia, anatoa sauti ndogo tu, kama mlango wa mbali, na hilo lilikuwa baya kuliko kilio.

“Simama mahali pamoja,” dada alisema.

Akasimama.

Dada alipima kijiko cha kwanza, akakisawazisha kwa kisu. Akapima kingine. Akatikisa chupa, akadondoshea mkononi mwake, akangoja, akadondoshea tena. Mgeni aliikamata chuchu ya chupa kwa mdomo wote, akanyonya, akakohoa, akanyonya. Jirani aliyanywa mwenyewe maziwa ya ng'ombe, akaondoka.

Chupa ilipofika katikati dada aliinua uso. “Nilikuwa nimeinua mkono nichukue kile kikombe cha jirani,” alisema. “Nimekuambia ili ujue.”

“Dada, nisamehe.”

“Ulipoliona lile kopo, hukulijua?”

“Nililijua.”

Dada aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea chenji kamili. “Basi kuanzia leo, kitu kikitoka jikoni kwangu kimetoka mkononi mwangu. Si mkononi mwa Bosi, si mkononi mwako. Hata ganda la yai.”

“Sawa, dada.”

“Mshike huyu. Nikakague mabuti ya watu.”

Akampa Mgeni na chupa. Mwalimu Kopo alikaa kwenye kiti cha jikoni na hakuthubutu kusogea, maana mtoto alikuwa ameanza kusinzia akinyonya, mkono wake mdogo umeshika kidole gumba chenye plasta. Fundi bomba aliingia pekupeku, akaacha nyayo nyeupe sakafuni. Aliiona pakiti mezani, akaibinyabinya.

“Hivi hii bei gani, shemeji?”

Mwalimu Kopo alimwonyesha kwa kidevu risiti iliyochungulia mfuko wa shati. Fundi bomba akaichomoa, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaisoma kwa sauti.

Maziwa ya mtoto namba moja, pakiti ya kujazia, gramu mia nne: elfu arobaini na sita na mia tano.

“Na treni ilikuwa ya bure,” alisema, akairudisha risiti mfukoni.